Usikurupuke, 'blade' siyo wembe peke yake!

Na Mwandishi Wetu

UKITAKA kumpima mtu anayejigamba kuwa ung'eng'e anaujua mpaka unamtoka puani, usihangaike kumtafutia neno refu la kuvunja taya. Mpe neno fupi tu. Mpe 'blade'.

Wengi watakujibu bila kupepesa macho: "Wembe!" Mmoja mmoja anayejiona mjanja zaidi atasema: "Kisu". Sasa hapo hapo mkamate. Muulize, kama 'blade' ni wembe, mbona Waingereza wanasema nyasi zina 'blade', mgongo wa binadamu una 'blade', feni ina 'blade' na hata ulimi wake yeye mwenyewe una 'blade'? Ina maana jamaa anatembea na wembe mdomoni?

Akibaki anajikuna kichwa, usimcheke. Neno hili limeshawapiga chenga wengi, wakiwemo waliokalia madawati mpaka suruali zikatoboka. Na mpenzi msomaji, usidhani hii ni stori ya kuuzia sura kijiweni tu. Kuna mahali neno hili likiwekwa vibaya, mtu anaweza kuonekana katenda kosa kubwa kuliko alilotenda. Huko tutafika. Twende mdogo mdogo.

JANI LILILOGEUKA KISU

Tuanzie kwenye mizizi. Zamani hizo, miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, watu wa Uingereza walikuwa na neno 'blæd'. Unajua lilikuwa na maana gani? Jani! Siyo kisu, siyo upanga, siyo wembe. Jani la mmea, basi.

Kama huamini, waulize ndugu zake. Wajerumani mpaka leo jani wanaliita 'Blatt'. Waholanzi wanasema 'blad', na Waswidi vile vile. Wote hao wamebaki na jani lao. Ni Waingereza ndio waliohama. Jani la mti wakalipa jina jingine, 'leaf', halafu 'blade' wakaliachia majani membamba na marefu, kama ya nyasi na nafaka. Ndiyo maana mpaka kesho jani moja la nyasi kwa Kiingereza ni 'blade'.

Sasa kisu kiliingiaje? Ni kuanzia miaka ya 1300 hivi. Hebu chukua jani la nyasi uliweke mbele yako. Refu, jembamba, limelala bapa, kisha linachongoka mwishoni. Halafu utazame upanga. Si pacha hao? Basi watu wakauona upanga, wakakumbuka jani, jina likahama.

Hapo ndipo penye siri yote, kwa hiyo shika sana. Waliotoa jina hili hawakutazama UKALI, walitazama UMBO. 'Blade' ni kitu chembamba kilicho bapa. Kikiwa kinakata, sawa. Kisipokata, nacho sawa vile vile. Ukali una neno lake jingine, 'edge', na ncha ina lake, 'point'. Kwenye kisu, 'blade' ni mwili mzima wa chuma ukiondoa mpini: bapa, makali na ncha vyote vimo humo humo ndani.

Na hapa Kiswahili chetu tukipigie saluti, maana tunayagawa mambo vizuri kabisa. Bapa ni bapa, makali ni makali, ncha ni ncha. Mtu wa Bongo hahitaji kufundishwa bapa ni nini, hasa kama amewahi kuiona ile chupa ya kinywaji kikali inayoingia mfuko wa nyuma wa suruali bila kuleta nundu. Nayo si inaitwa bapa? Umbo hilo, siyo kingine.

MAPANGA YASIYOKATA

Ukishaishika siri hiyo ya umbo, mengine yote yanafunguka kama mlango wa daladala.

Feni ya darini, ile pangaboi inayokupunguzia joto la Dar, Mwingereza ataihesabia 'blade' tatu au nne. Sisi tunasema mapanga. Na helikopta nayo ina mapanga. Ajabu, eeh? Sisi nao tumetazama umbo, tukaona panga. Tofauti ni kwamba Mwingereza alianza na jani akafika kwenye feni, sisi tumeanza na panga tukafika kwenye feni hiyo hiyo.

Na mapanga ya namna hiyo yanaweza kuwa makubwa ile mbaya. Kule Kenya, upande wa Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo karibu na Ziwa Turkana. Kila mtambo una mapanga matatu. Piga hesabu mwenyewe: ni mapanga 1,095, na hakuna hata moja linaloweza kumnyoa mtu ndevu! Huko baharini Ulaya ndiyo usiseme, kuna mitambo ambayo panga lake moja limepita mita 100, yaani karibu uwanja mzima wa mpira kutoka goli mpaka goli. Yote hayo kwa Kiingereza ni 'blade'.

Twende mwilini. Ule mfupa mpana wa nyuma ya bega, Mwingereza anauita 'blade' ya bega, na Mjerumani anausema waziwazi kuwa ni jani la bega. Sisi je? Kiswahili fasaha kinauita kombe la mkono. Wao waliona jani, sisi tukaona kombe! Mfupa ni ule ule, ila kila mtu aliutazama kwa jicho la kwao. Kwa hiyo mtu akikwambia kwa Kiingereza kuwa 'blade' ya bega inamuuma, usianze kutafuta damu kwenye shati. Na ukikuta 'blade' kwenye orodha ya vyakula katika hoteli ya kitalii, usikimbie. Siyo kwamba wanakupakulia nyembe, ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa sehemu ya bega.

Haya, na ulimini? Sema "shuka". Umesikia sehemu ya ulimi iliyopanda juu, pale nyuma kidogo ya ncha? Wataalamu wa lugha wa Kiswahili wanaiita bapa la ulimi. Waingereza wanaiita 'blade'. Hapa tumekutana nao uso kwa uso, neno kwa neno.

Kasia nalo lina 'blade', ile sehemu pana inayosukuma maji. Wapiga makasia wa vyuo vya Uingereza wameligeuza neno hilo mpaka kasia zima wanaliita hivyo. Na hata kwenye kompyuta, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, zile kompyuta kubwa za kutunza kumbukumbu zilipofanywa nyembamba na kupangwa kama vitabu kwenye kabati, jina walilopewa ni hilo hilo. Hazikati hata siagi, lakini ni bapa.

MASELA WA ZAMANI NA VIWEMBE WA LEO

Hapa vijana wenzangu mkae sawa, maana neno linawahusu.

Mwishoni mwa miaka ya 1500, wakati wa akina Shakespeare, kijana wa mjini kule Uingereza aliyejua kucheza na upanga aliitwa kwa jina la upanga wake: 'blade'. Baadaye hata wasioshika upanga wakaingizwa humo, ilimradi tu wawe masharobaro wanaovaa wakapendeza, wanaoongea kwa mbwembwe na wasiopitwa na sherehe. Yaani sela wa mujini, mzee wa kujirusha.

Sasa linganisha na huku kwetu. Mtu aliyebobea kwenye fani tunamwita mkali. Huyo kapewa sifa ya makali. Na yule asiyetulia kwenye mapenzi, leo yupo na huyu, kesho na yule, anaitwaje mitaani? Kiwembe! Anakata kila kinachopita mbele yake. Waingereza walimwita kijana wao kwa upanga, sisi tunamwita wa kwetu kwa wembe. Dunia ni moja.

Ila angalizo: ukienda London leo ukamwita mtu 'blade' ukidhani unamsifia, atakutazama kama umetoka makaburini. Matumizi hayo yamezeeka, yamebaki vitabuni na vinywani mwa wanaopenda kutania kizamani. Na ukienda kwa bosi wa Kizungu ukamweleza kwamba fulani ni kiwembe kwa kutafsiri neno kwa neno, hutaeleweka kabisa. Labda ni salama yako!

MJI WA VISU NA BAO LA DEANE

Wapenzi wa kandanda nao wana la kwao. Kule Uingereza kuna mji wa Sheffield. Tangu enzi za mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, visu vya mji huo vilikuwa na jina, maana naye alivitaja. Mwaka 1913 ndipo Harry Brearley alipotengeneza huko huko chuma kisichoshika kutu, kile ambacho leo kimejaa jikoni kwako kwenye vijiko na visu.

Mji wa visu, timu yake uiiteje? Sheffield United, iliyoanzishwa mwaka 1889, inajulikana kwa jina la utani The Blades. Na usiwachukulie poa. Ligi Kuu ya England ilipoanza rasmi, Agosti 15, 1992, bao la kwanza kabisa katika historia ya ligi hiyo lilifungwa na mtu wao, Brian Deane, dakika ya 5 tu ya mchezo. Aliyefungwa? Manchester United! Siku hiyo The Blades walishinda 2-1. Mashabiki wa Man U, poleni, lakini historia haifutiki.

SINEMA ISIYO NA KISU

Wale wa mikanda ya video wanaikumbuka 'Blade' ya mwaka 1998, Wesley Snipes akiwa na miwani meusi na koti refu, anawafyeka wanyonya damu kama anafyeka majani. Hapo jina linaeleweka, jamaa ana upanga na anautumia.

Lakini ipo nyingine ya mwaka 1982, 'Blade Runner', ya Ridley Scott, mchezaji mkuu Harrison Ford. Itazame mwanzo mpaka mwisho ukisubiri kisu cha maana kwenye stori. Hakipo! Jamaa anawinda watu bandia kwa bastola. Jina lilitoka wapi basi? Mwaka 1974, daktari mmoja wa Marekani aliyekuwa pia mwandishi, Alan Nourse, alitoa kitabu kuhusu vijana wanaosafirisha kwa magendo vifaa vya hospitali, vikiwemo visu vya upasuaji, kuwapelekea madaktari wanaotibu kinyume cha sheria. Hao ndio waliokuwa wakikimbiza visu. Watengeneza sinema walilipenda jina, wakalinunua, wakalibandika kwenye stori nyingine kabisa iliyotokana na kitabu cha Philip K. Dick. Duniani kote watu wanalitaja jina hilo, na wengi hawajui kwamba lilikuwa la daktari na visu vyake.

Halafu jina likahama tena. Vijana waliokatwa miguu walipoanza kukimbia kwa miguu ya bandia iliyopinda kama ya duma, ile iliyobuniwa na Mmarekani Van Phillips, ambaye naye alipoteza mguu mwaka 1976, watu wakaiita 'blade'. Tena siyo ya chuma, ni nyuzi za kaboni, na haikati chochote. Ni bapa inayonesa. Oscar Pistorius wa Afrika Kusini akaitwa Blade Runner, na mwaka 2012 akafika nusu fainali ya mita 400 kwenye Olimpiki ya London, akishindana na wenye miguu yao miwili. Mwaka uliofuata akamuua mpenzi wake, Reeva Steenkamp, kwa risasi, na magazeti yakaandika jina lile lile la utani kwa wino mwingine kabisa.

KWA NINI TUNAWAZA WEMBE?

Sasa kama neno lina mambo chungu nzima hivi, kwa nini sisi akili inakimbilia kwenye wembe? Lawama ipeleke kwenye pakiti! Mmarekani King Camp Gillette alikuja na wembe mwembamba wa kutumia na kutupa. Mwaka 1903, biashara ilipoanza, aliuza mashine za kunyolea 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata mashine zilizouzwa zilipita 90,000. Nyembe za namna hiyo zikasambaa duniani, zikafika mpaka kwenye duka la Mangi, na kwenye pakiti pameandikwa nini? 'Blade'. Mtoto wa uswahilini anatumwa dukani, anasoma pakiti, neno linamkaa kichwani na maana moja. Anakua nalo hivyo hivyo.

(Na kwa kuwa tumeutaja wembe: ukikaa kwenye kiti cha kinyozi, hakikisha wembe unafunguliwa mbele ya macho yako. Wembe mmoja, mtu mmoja. Hilo halina tafsiri nyingine.)

KIZIMBANI HAKUNA UTANI

Haya, tumecheka vya kutosha. Nilisema kuna mahali neno hili si la mzaha. Mahali penyewe ni mahakamani.

Kila anayesoma habari za mahakamani anazijua hizi: "Alipigwa kwa ubapa wa panga." Mswahili akisikia hivyo anaelewa mara moja. Mtu kaumia, kavimba, pengine kavilia damu, lakini hakukatwa. Aliyempiga aligeuza panga makusudi. Angetaka kukata angetumia makali.

Sasa mkabidhi mkalimani aliyekurupuka. Anaandika kwa Kiingereza kwamba mtu alipigwa kwa 'blade' ya panga. Amesema uongo? Hapana! Bapa ni sehemu ya 'blade'. Lakini anayesoma karatasi hiyo, ambaye hakumuona shahidi wala kovu, akili yake inakimbilia kwenye makali. Anaona damu. Mkalimani makini angeandika 'flat', yaani ubapa, na picha yote ingebadilika.

Hiyo ni tofauti kubwa kisheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inapoeleza jeraha ni nini, inazungumzia kuchanjwa au kutobolewa kunakopasua ngozi ya nje ya mwili. Uvimbe peke yake si jeraha kwa maana hiyo. Kosa la kujeruhi ni lake, na la shambulio la kudhuru mwili ni lake, kila moja na adhabu yake. Katikati ya hayo mawili kunaweza kuwa na neno moja tu lililotafsiriwa nusunusu.

Na hili halikuwa jambo la mbali. Kwa miaka mingi hapa Tanzania, ukiacha Mahakama ya Mwanzo, shahidi alimwaga Kiswahili chake na kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza. Rufani ikikatwa, majaji walisoma hicho Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini majalada ya nyuma yapo, na Waswahili walioko ughaibuni wanaendelea kutoa maelezo polisi kupitia wakalimani. Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, ukiitwa siku moja kumtafsiria ndugu yako, usiseme "naujua Kimombo" ukaanza kumwaga. Muulize kwanza: ni bapa au ni makali? Halafu tafuta neno la hicho hicho alichosema.

Tena ikiwezekana mwambie aonyeshe kwa mkono. Panga liligeuzwa vipi? Liligusa mwili kwa upande gani? Dakika moja ya kuuliza inaweza kumpunguzia mtu miaka ya jela, au ikampatia haki yake aliyekatwa kweli kweli.

Basi wiki hii ukikutana na 'blade' popote, iwe kwenye mtihani, kwenye usaili wa kazi au kwenye maandishi ya chini ya sinema, usikurupuke kusema wembe. Tafuta kilicho bapa hapo, kisha utazame jirani zake: kuna nyasi, kuna bega, kuna feni, au kuna damu?

Na la mwisho la kuondoka nalo. Lile 'Blatt' la Wajerumani, jani lile lile tulilolianza, kwao lina maana pia ya karatasi na ya gazeti. Waswidi wana gazeti lao la udaku na habari motomoto, Aftonbladet, tangu mwaka 1830, na humo ndani ya jina limo 'blad', jani la jioni. Kwa hiyo mpenzi msomaji, hicho ulichokishika mkononi sasa hivi nacho ni ukoo wa 'blade'. Hakikati ngozi, lakini kikiandika vibaya kinaweza kumkata mtu vibaya sana.

Tukutane wiki ijayo. Alamsiki!